Tovuti inafunguka Biharamulo, Ngara haifunguki: wa kulaumiwa ni nani?

Miongoni mwa malalamiko yanayozifikia ofisi za misikiti, madrasa na shule zetu katika wilaya za Ngara na Biharamulo, lipo moja gumu kuliko mengine, kwa sababu kila anayelileta husema kweli na bado kauli zao hupingana. Mzazi aliyeko Nyakanazi anasema tovuti ya shule imefunguka, ameona matangazo na amepakua fomu. Mzazi wa Rulenge, mwenye simu mpya na bando lisilo na shaka, anasema haifunguki tangu juzi. Wa tatu yuko Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi. Kwake inafunguka akitumia laini moja na inagoma akibadili laini, juu ya simu ile ile.

Lau jambo hili lingeishia kwenye usumbufu, tungelivumilia kama tunavyovumilia mengi. Lakini taasisi moja ya elimu wilayani Ngara, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikaa siku nne katika hali hiyo, tena katika majuma ya kupokea maombi ya kidato cha kwanza. Siku ya kwanza watu walisema mtandao ni mbovu. Siku ya pili ikasemwa kwamba shule imefungiwa. Siku ya tatu, ambayo iliangukia Ijumaa, jina la mhasibu lilianza kutajwa kwenye vibaraza: ada za maombi zimelipwa kwa simu, tovuti imetoweka, basi bila shaka na fedha zimetoweka. Mzee mmoja anayeheshimika alinivuta kando baada ya swala akaniuliza kwa sauti ya chini, "Katibu, mwanangu, niambie ukweli. Yule bwana bado yupo mjini?" Nilimjibu, "Yupo, mzee wangu. Yuko ofisini kwake tangu asubuhi, anapiga simu Dar es Salaam."

Hakuna shilingi iliyokuwa imeguswa. Kilichokosewa kilikuwa mstari mmoja wa herufi na tarakimu, uliosahaulika mahali ambapo haukupaswa kubaki. Hitilafu ya namna hii ina jina lake, ina sababu zake zinazohesabika, na hupimika kwa dakika chache. Kwa kuwa gharama yake yaweza kuwa heshima ya mtu mwaminifu, nimeona ifafanuliwe kwa lugha ambayo mzazi, mwalimu wa madrasa na mjumbe wa kamati wataweza kuifuata.

Daftari la majina na mwizi wa majibu

Kompyuta hazijuani kwa majina bali kwa namba. Sisi huandika jina, na nyuma ya pazia kuna mfumo unaoligeuza jina hilo kuwa namba ya mahali tovuti ilipo. Mfumo huo, uitwao DNS, ulibuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983, na haukuandikwa katika daftari moja. Umegawanywa kwa ngazi. Juu kabisa upo mzizi. Mzizi unazijua seva zinazosimamia .com, .org, .ke, .tz na nyinginezo. Seva za .tz zinajua nani anasimamia kila jina lililo chini yake. Mwenye jina naye ana seva yake inayotoa jibu la mwisho. Simu ya mzazi haipandi ngazi hizi zote yenyewe. Kazi hiyo hufanywa kwa niaba yake na seva ya kampuni ya simu, au ya mtandao mwingine aliouchagua. Katika makala haya nitaiita mtafutaji. Mtafutaji akishapata jibu, hulihifadhi kwa muda ili asiulize tena kila mara.

Udhaifu wa mpango huu ulikuwa kwamba mtafutaji aliuamini ujumbe wa kwanza uliofanana na jibu. Julai 2008 mtaalamu wa Marekani, Dan Kaminsky, alitangaza kwamba mtu mwovu aliye mbali anaweza kumrushia mtafutaji mafuriko ya majibu ya uongo, akibahatisha namba ya utambulisho wa swali ambayo ilikuwa na uwezekano usiozidi 65,536, mpaka moja likakubaliwa. Kuanzia hapo, kila mteja wa mtafutaji huyo aliyeandika jina la benki yake angepelekwa kwa tapeli, na jina kwenye kioo likasomeka sawasawa. Kampuni kubwa za programu zilitoa viraka kwa pamoja, lakini viraka vilipunguza hatari tu. Dawa yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa miaka mingi kabla, ila ilikuwa ikisuasua: kuyatia majibu saini ya kidijitali. Dawa hiyo ndiyo DNSSEC.

Msomaji aliyepita madrasa hatashindwa kuielewa, kwa kuwa anaijua isnadi. Hatuipokei kauli kwa sababu tu imetufikia; tunauliza nani kaipokea kutoka kwa nani, na kila mpokezi lazima ajulikane na aliye juu yake. DNSSEC hufanya vivyo hivyo kwa hesabu. Jibu la tovuti hutiwa saini kwa ufunguo wa mwenye jina. Ufunguo huo huthibitishwa na ngazi iliyo juu yake, kwa mstari mfupi uitwao DS, ambao ni mfano wa alama ya kidole cha ufunguo. Ngazi hiyo nayo huthibitishwa na iliyo juu yake, hadi kwenye mzizi. Mzizi ulitiwa saini rasmi tarehe 15 Julai 2010. Kanda ya .tz nayo imekwisha kutiwa saini. Mtafutaji anayekagua saini hushika ufunguo wa mzizi peke yake, kisha hushuka kiungo baada ya kiungo. Kiungo kimoja kikikatika, halitoi jibu hata kama jibu lenyewe ni sahihi.

(Ulinganisho huu una mpaka wake, na wanachuoni wenzangu wataniwahi wasipoelezwa. Isnadi huchunguza uadilifu wa mtu. DNSSEC haijui uadilifu. Tapeli aliyesajili jina lake kihalali na kulitia saini vizuri atapita bila kuzuiwa. Wala saini hizi hazifichi unachosoma. Hiyo ni kazi ya kufuli ndogo unayoiona kwenye kivinjari, ambayo ni habari nyingine.)

Ufunguo wa mzizi unatunzwa kwa namna ambayo wengi hawaisadiki wanapoisikia mara ya kwanza. Vipo vituo viwili nchini Marekani, kimoja Culpeper katika jimbo la Virginia na kingine El Segundo, California, na shughuli za kuutumia hufanyika mbele ya wawakilishi wa jamii kutoka nchi mbalimbali. Kila kituo kina maofisa saba wa aina hii, na wasipokuwepo angalau watatu, kasha halifunguki. Katika kundi la kwanza la mwaka 2010 Afrika haikuachwa nyuma: Alain Aina wa Benin na Subramanian Moonesamy wa Mauritius walikuwa miongoni mwa maofisa hao, na Moussa Guebre wa Burkina Faso alikuwa mmoja wa watu saba waliokabidhiwa sehemu za kuurejesha ufunguo iwapo litatokea janga. Kaminsky mwenyewe alikuwa mmoja wa saba hao. Februari 2020 kitasa cha sefu ya El Segundo kiligoma, na sefu ikabidi itobolewe na mafundi kabla ya shughuli kuendelea. Hata amana ya dunia nzima inahitaji fundi wa vitasa.

Kwa nini wengine wanaona na wengine hawaoni

Sasa turudi Rulenge na Nyakanazi. Si kila mtafutaji anayekagua saini. Seva za Google, kwa namba 8.8.8.8, hukagua tangu mwaka 2013. Za Cloudflare, kwa namba 1.1.1.1, hukagua tangu zilipozinduliwa Aprili 2018. Miongoni mwa kampuni zinazouza intaneti, zipo zinazokagua na zipo zisizokagua. Hivyo jina lenye isnadi iliyokatika hufunguka kwa asiyekagua na hukataa kwa anayekagua. Wilaya haihusiki. Mume na mke walioketi kwenye mkeka mmoja, kila mmoja na laini yake, wanaweza kupata majibu mawili.

Balaa ni kwamba mkaguzi, badala ya kumwambia mtumiaji "saini ya jina hili haikuthibitika", hurudisha neno moja kavu, SERVFAIL, yaani seva imeshindwa. Kivinjari nacho hulitafsiri kuwa "tovuti hii haiwezi kufikiwa". Mtumiaji hana namna ya kutofautisha hitilafu hii na mnara ulioanguka, na huanza kutafuta mtu wa kumlaumu. Hayo hayakuanzia kwetu. Tarehe 18 Januari 2012 shirika la anga la Marekani, NASA, lilikosea katika kubadili funguo za jina lake la nasa.gov. Wateja wa kampuni ya Comcast, ambayo ilikuwa imekwisha kuanza kukagua saini kwa wateja wake, wakashindwa kuifungua tovuti ya NASA, ilhali wateja wa kampuni nyingine waliendelea kuiona. Lawama iliangukia kwa Comcast: wameifungia NASA! Aliyekuwa akifanya kazi yake sawasawa ndiye aliyeitwa mkosefu.

Taasisi yetu ya Ngara iliangukia kwenye kosa la aina inayotokea mara nyingi. Ilikuwa na mtoa huduma wa zamani aliyelitia saini jina lake na kuupeleka mstari wa DS kwenye ngazi ya juu. Bei ilipopanda, taasisi ikahamia kwa mtoa huduma mwingine, ambaye hatii saini. Aliyehamisha alibadili seva za jina, akajaribu kwenye simu yake, tovuti ikafunguka, akaandika barua pepe ya kuhitimisha kazi. Mstari wa DS haukuguswa. Tangu hapo ngazi ya juu ikawa inautangazia ulimwengu: "Jina hili lina ufunguo wenye alama hii." Mtafutaji akienda kwa seva mpya hakuti ufunguo wowote. Kwa mkaguzi, hali hiyo haina tofauti na ya mwizi aliyejiweka katikati na kuzing'oa saini, kwa hiyo hukataa, na anafanya haki kukataa.

Utaratibu ulio salama ni kinyume cha ule uliofuatwa. Anayetaka kuhama kwenda mahali pasipotiwa saini huomba kwanza DS iondolewe. Kisha husubiri mpaka nakala zilizohifadhiwa na watafutaji duniani ziishe muda wake, ambao huandikwa pamoja na mstari wenyewe na mara nyingi ni siku moja au zaidi, ndipo ahame. Subira hiyo ndiyo inayowashinda wengi, hata wakubwa. Tarehe 30 Septemba 2021 kampuni ya Slack ililitia saini jina lake, ikaona dalili za hitilafu kwa baadhi ya wateja, ikaondoa DS na saini kwa haraka ili irudi ilikokuwa. Lakini watafutaji wengi walikwisha kuihifadhi DS kwa saa 24, nao wakaendelea kudai saini ambazo hazikuwepo tena. Pupa ya kutibu iliongeza ugonjwa.

Kwa taasisi yetu, DS ya zamani ilipoondolewa siku ya nne, simu za Rulenge zilianza kufungua tovuti jioni ile, na zilizobaki siku iliyofuata. Mtoa huduma hakutoa tangazo lolote. Tangazo lilitolewa na imamu, kwa sentensi tatu, akimtaja mhasibu kwa jina na kwa heshima. Kwa maoni yangu hilo lilipaswa kufanyika siku ya kwanza, hata kabla ya chanzo kujulikana, kwa kuwa tovuti kutofunguka si ushahidi wa chochote juu ya fedha.

Saa ya ukutani na saa ya mashine

Sababu ya pili inatuhusu zaidi sisi wa huku kuliko wa mijini. Kila saini ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kwa hiyo mkaguzi lazima awe na saa iliyo sahihi. Ofisi kadhaa za shule na misikiti zina ruta au kompyuta ndogo inayogawa intaneti, na nyingine kati ya hizo zimewekewa programu ya kukagua saini. Miaka mingi Ngara na Biharamulo ziliishi kwa jenereta za dizeli za TANESCO, na hata leo umeme kukatika si habari. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya duara imekufa, umeme ukirudi, huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi, hadi toleo la 4, hazikuwa na saa yenye betri kabisa. Huanza kuhesabu kutoka pale zilipozimika. Umeme ukikosekana siku mbili, mashine iko nyuma kwa siku mbili. Saini zilizotiwa jana, kwake ni za kesho. Inazikataa.

Hapo hutokea kitanzi. Mashine ingeweza kurekebisha saa yake kwa kuuliza seva za wakati zilizoko mtandaoni. Lakini seva hizo inazijua kwa majina, na ili kupata namba zake inahitaji majina yatatuliwe, na majina hayatatuliwi kwa sababu saa imekosewa. Itakaa hivyo hadi mtu aikomboe. Dawa ni kuipa saa kwa mkono, kisha kuiandikia angalau seva moja ya wakati kwa namba badala ya jina, na kununua betri mpya, ambayo kwa kompyuta nyingi za mezani ni ile yenye maandishi CR2032 na hupatikana kwa mafundi wa saa.

Katika kuipa saa kwa mkono uko mtego mwingine, nao ni wa kwetu Waswahili. Mwalimu mmoja alimwagiza kijana wake arekebishe saa ya kompyuta. Kijana akatazama simu ya mwalimu wake, akauliza saa ngapi, akajibiwa saa nne, akaandika 4:00. Mashine ikabaki nyuma kwa saa sita. Hitilafu ya kiasi hicho ni mbaya kuliko ya mwaka mzima, kwa kuwa huja na kuondoka: saini za tangu jana zinakubalika, zilizotiwa asubuhi hii zinakataliwa, na mchana kila kitu kinaonekana kupona. Watiaji saini wengi huacha nafasi ya takriban saa moja kwa saa zisizolingana. Saa sita hazisameheki. Aidha tarehe za saini huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Anayezisoma na asilijue hilo atadhani amekamata kosa ambalo halipo.

Alama ya kulitambua tatizo la saa ni hii: halichagui jina. Saini za mzizi zenyewe zikikataliwa, hakuna jina litakalothibitika, hata yale yasiyotiwa saini. Kwa hiyo ikiwa kila tovuti imekufa kwenye intaneti ya ofisi, na kila tovuti inafunguka kwenye data ya simu, usimpigie mtu wa Dar es Salaam. Tazama saa ya mashine. Ikiwa jina moja tu limekufa na mengine yote yako hai, kosa liko kwa mwenye jina hilo au mtoa huduma wake.

Sababu nyingine nitazipitia kwa haraka. Saini zinaweza kuisha muda kwa sababu programu iliyopaswa kuzihuisha imesimama. Mfumo hufanya kazi vizuri wiki mbili au mwezi, kisha unazimika ghafla bila mtu kugusa kitu. Mstari wa DS unaweza kunakiliwa vibaya: alama yake ya kawaida ina herufi na tarakimu 64, na kosa la moja linatosha. Ufunguo unaweza kubadilishwa kabla ya ngazi ya juu kupewa alama mpya. Pia yapo majibu yanayopotea njiani kwa ukubwa wake. DNS ya zamani ilizoea jumbe zisizozidi baiti 512, na saini huzinenepesha. Ruta za kizamani na baadhi ya vizuizi vya usalama huvitupa vipande vya jumbe kubwa, au huziba njia ya TCP ambayo mtafutaji huikimbilia. Kwa ajili hiyo, tangu Oktoba 2020 watengenezaji wakuu wa programu za DNS walikubaliana kutovuka baiti 1,232. Wala tusidhani kwamba makosa haya ni ya wanyonge. Mwishoni mwa Mei 2023 New Zealand ilipata hitilafu ya saini iliyoyagusa majina ya .nz, na tarehe 30 Januari 2024 majina ya .ru ya Urusi yalipotea kwa saa kadhaa kwa sababu ya aina hiyo hiyo.

Namna ya kupima kabla ya kusema

Kwa mzazi mwenye simu ya Android, toleo la 9 au jipya zaidi, upo mpangilio wa DNS ya faragha katika sehemu ya mitandao. Andika humo dns.google, jaribu tovuti. Kisha andika one.one.one.one, jaribu tena. Kisha rudisha kama ilivyokuwa. Ikiwa tovuti inakataa kwa hao wawili wanaokagua na inafunguka kwa mtafutaji wa kawaida wa laini yako, umepata dalili yenye nguvu kwamba saini ndiyo tatizo.

Mwenye kompyuta ana ushahidi ulio bora zaidi. Programu ya dig huuliza swali moja kwa moja. Uliza jina kwa 1.1.1.1, ikija SERVFAIL, uliza tena ukiongeza +cd, ambayo maana yake ni "usikague". Jibu likija sasa, basi seva ya mwenye jina iko hai na kosa ni la saini. Lisipokuja hata hapo, tatizo ni jingine, na nadharia ya saini iachwe. Watafutaji wengi siku hizi huambatisha pia namba ya sababu, utaratibu uliowekwa mwaka 2020: 6 ni saini batili, 7 imekwisha muda, 8 haijaanza, 9 ufunguo haupo, 10 saini hazipo. Ukiiona 8 kutoka kwa mashine ya ofisini kwako, anza na saa yako. Ukiiona 7 kutoka kwa mtafutaji mkubwa wa nje, mwenye jina amelala. Namba 9 kwa kawaida hukuelekeza kwenye DS iliyosahaulika. Mtu asiyependa kuandika amri ana DNSViz, chombo cha bure kinachochora mnyororo wote kuanzia mzizi na kuonyesha kwa rangi nyekundu kiungo kilichokatika. Picha hiyo ichapishwe na ipelekwe kwa mtoa huduma. Barua isemayo "tovuti haifunguki" hujibiwa kwa "kwetu inafunguka". Picha yenye kiungo chekundu haijibiwi hivyo.

Kuna tiba moja ambayo vijana wetu wanaojua kompyuta huikimbilia, nami siikubali: kuzima ukaguzi kwenye ruta ya ofisi. Ni kweli tovuti itafunguka. Lakini itafunguka kwa watu wa ofisi hiyo tu, ilhali mzazi wa Rulenge bado yuko nje. Tena ofisi hiyo hiyo inayofanya miamala ya michango, ada na zaka itakuwa imemfukuza mlinzi kwa sababu jirani amepoteza funguo zake. Kwa anayeendesha mtafutaji wa watu wengi, upo msamaha wa muda kwa jina moja lililothibitika kukosewa na mwenyewe, unaowekwa na kuondolewa. Hiyo ni dharura inayokubalika, kwa kiasi chake.

Kwa kamati zinazotaka kuhamisha jina la taasisi, maswali ya kumwuliza mtoa huduma kabla ya kusaini si mengi. Je, jina letu limetiwa saini hivi sasa? DS iko wapi, na nani mwenye mamlaka ya kuiondoa? Itaondolewa siku gani, na uhamisho utafanyika siku gani baada ya hapo? Asiyeweza kujibu swali la pili asikabidhiwe jina. Na jina lisajiliwe kwa taasisi, si kwa kijana aliyejitolea kulisajili kwa simu yake, ambaye leo yuko Kahama na kesho haijulikani.

Lipo pia jambo lenye tarehe. Ufunguo mkuu wa mzizi ulibadilishwa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Oktoba 2018, mwaka mzima baada ya siku iliyopangwa awali, kwa kuwa wasimamizi walihofia wakaguzi wasiokuwa na ufunguo mpya. Ufunguo wa zamu inayofuata ulitengenezwa Aprili 2024, ukaanza kutangazwa Januari 2025, na umepangiwa kuanza kutia saini tarehe 11 Oktoba 2026. Mashine zilizowashwa na kuunganishwa muda wote hujifunza ufunguo mpya zenyewe, baada ya kuuona kwa siku 30 mfululizo. Mashine iliyofungiwa kabatini haikuuona. Kwa hiyo ruta ya akiba iliyoko stoo, ile iliyonunuliwa kwa michango na kuhifadhiwa kwa nia njema isubiri siku ya dharura, itolewe sasa, ihuishwe programu yake, na ijaribiwe siku ambayo hakuna dharura.